Damu Nne za Sirili

Inspekta Ndelilio alikuwa na maiti mmoja, mtuhumiwa mmoja na mazishi ya kesho yake mchana, na katika hayo matatu hakuna hata moja lililomridhisha.

Maiti alikuwa Sirili, mfanyabiashara wa mahindi wa Himo, aliyefia nyumbani kwa mama yake Kirua Vunjo akihangaika kuvuta pumzi kama mtu anayekabwa. Mtuhumiwa alikuwa mkewe, Mektrida. Mama mkwe alisimama mbele ya katekista na ukoo mzima akasema mkamwana wake amemlisha mwanawe sumu, na maneno ya mama mfiwa hayaombi ushahidi. Polisi wa Himo wangechelewa kidogo tu, Mektrida asingefika kituoni akiwa mzima. Walipopekua nyumba yake wakakuta kopo la mrututu chini ya kitanda, ile dawa ya buluu ya kupigia kahawa. Hapo kila mtu wa mlimani, kuanzia mwenyekiti wa kijiji mpaka muuza pombe ya mbege, akawa mpelelezi. Kesi imekwisha hiyo, afande, walimwambia.

Ndelilio alikuwa Mchaga wa Machame, mrefu, mwenye sura ya mtu aliyenyimwa chai, na miaka yake ya upelelezi Moshi ilikuwa imemfundisha kuogopa kesi inayokwisha upesi. Sampuli za tumbo la marehemu zilikuwa zimepelekwa Dar es Salaam na majibu bado. Lakini daktari aliyempasua maiti alimnong'oneza jambo. Aliyekunywa mrututu hutapika kijani na utumbo wake huungua. Utumbo wa Sirili ulikuwa safi. Kilichomuua kilikuwa kifuani, tezi zilizovimba mpaka zikabana njia ya hewa.

"Sumu ya kahawa haivimbishi tezi," daktari yule alisema. "Kaulize kule alikokuwa akitibiwa."

Ndiyo maana asubuhi ile ya Ijumaa, mwezi wa saba mwaka 2006, ukungu umeumeza mlima mzima na mvua ya baridi inanyunya, Ndelilio alikuwa amekaa katika chumba kilichojaa mafriza mjini Moshi, mbele ya Dakta Beatrice. Dakta Beatrice alikuwa mwanamke mfupi, amevaa sweta chini ya koti jeupe, na aliongoza utafiti wa wagonjwa wenye kifua kikuu na virusi vya ukimwi kwa pamoja. Kabla ya kufungua mdomo alikuwa amepiga simu kituoni na kumsikia Mektrida kwa masikio yake akitoa ruhusa siri za mumewe zisemwe.

"Mama mzazi anajua mwanawe alikuwa na nini?" aliuliza.

"Anajua kifua kikuu. Hicho kingine, kule juu hakuna anayekijua ila mkewe."

"Na wewe sasa."

"Na mimi. Mdomo wangu mzito, daktari. Niambie mtu huyu alikufa na nini."

Dakta Beatrice alifungua friza moja, moshi wa baridi ukatoka, akachomoa kijisanduku chenye vichupa vyembamba. Alivitoa vinne akavipanga mezani.

"Wagonjwa wangu ninawatoa damu kila wanapokuja. Natafuta alama. Nataka nijue mapema ni nani ambaye, akianza dawa za kurefusha maisha, mwili wake utamgeuka."

"Utamgeuka vipi?"

"Virusi vinawalaza askari wa mwili. Vijidudu vya kifua kikuu vimejaa ndani, lakini askari wamelala, kwa hiyo mgonjwa hata homa kali hana. Ukimpa dawa, askari wanaamka, wanakuta nyumba imejaa wezi. Wewe ni polisi, unajua askari aliyeamshwa kwa kelele anavyotembeza kirungu. Anampiga mwizi, anampiga mwenye nyumba, anavunja na vyombo. Tezi zinavimba, homa inapanda. Ndugu wanasema dawa zinamuua, kumbe dawa zimefanya kazi yake, na mwili umeipokea kwa fujo."

Ndelilio hakuupenda mfano wenyewe, lakini aliuelewa.

"Na hiyo alama?"

"Ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa vitani. Tunaiita CRP. Kwako na kwangu haifiki kumi. Haisemi nani anapigana na nani, hilo nisikudanganye. Inasema tu ghasia ni kubwa kiasi gani." Aligusa kichupa cha kwanza. "Hii ni damu ya Sirili kabla ya dawa. Tisini. Alikuwa hatarini tangu hapo, na tulijua. Hii ya pili, ameshaanza dawa, shingo imevimba. Mia na themanini. Tukamwongezea vidonge vidogo vyeupe, prednisolone, vya kuwatuliza wale askari. Hii ya tatu ni baada ya wiki mbili za vidonge hivyo. Thelathini na tano."

"Alikuwa anapona."

"Alikuja anatembea mwenyewe, afande. Akanitania kwamba nikimfanyia mchezo atanioa mke wa pili." Daktari aligusa kichupa cha mwisho. "Na hii ya nne, muuguzi wangu alimfuata nyumbani kwa mama yake, siku mbili kabla hajafa. Mia mbili na arobaini. Muuguzi aliwasihi wamrudishe hospitali. Mama alikataa, alisema mwanawe ameshachokonolewa vya kutosha."

Ndelilio alivitazama vile vichupa vinne. Vilikuwa sawasawa vyote, rangi moja, ujazo mmoja.

"Vidonge vyeupe vilishindwa kazi?"

"Nilidhani hivyo. Au kifua kikuu chake ni sugu. Jana nilipovitoa vichupa hivi kwa ajili yako nikapima na kitu kingine. Vidonge vile vina tabia ya kupandisha sukari. Katika damu ya tatu sukari ilikuwa imepanda, kama inavyotakiwa. Katika ya nne imeshuka, ya kawaida kabisa."

"Maana yake hakuwa akivinywa."

"Alikuwa ameviacha kwa siku nyingi tu. Na vile haviachwi ghafla. Nilimwambia yeye, nikamwambia na mkewe."

"Damu inaweza kuniambia kama aliviacha mwenyewe au alinyimwa?"

"Haiwezi," alisema Dakta Beatrice, na kuanza kuvirudisha vichupa kwenye baridi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alionekana kama mtu ambaye amekuwa akijilaumu usiku kucha na bado hajamaliza.

*

Kituoni Moshi, Mektrida aliletwa kutoka mahabusu na Sajini Hosea. Alikuwa amejifunga khanga moja juu ya nyingine kwa baridi, na swali lake lilikuwa lilelile alilouliza tangu siku ya kwanza.

"Wanazika kesho?"

"Kesho, baada ya misa."

Ndelilio alijua kwa nini anauliza, maana upande wake wa mlima mila ni hizohizo. Mjane asiyetupa udongo kaburini kwa mumewe amejihukumu mwenyewe. Siku ya tatu baada ya mazishi, wafiwa wakishanyolewa nywele, ukoo ungekaa na kuamua. Watoto wawili wangepangiwa wa kuwalea, duka la Himo lingepata mwenyewe, na mama yao angerudishwa kwao na alichokivaa. Mwanamke aliye mahabusu hana kiti kwenye kikao cha namna hiyo.

"Dawa za mumeo nani alikuwa akimnywesha?"

"Tukiwa Himo, mimi. Alipozidiwa walikuja kumchukua."

"Nani na nani?"

"Mama na shemeji Thadeus. Kwetu mtoto wa kiume akiugua sana anarudi kwenye jiko la mama yake, huwezi kukataa. Mimi nilibaki na duka na watoto. Dawa nilikuwa nampa Thadeus anapanda nazo."

"Zikiwa kwenye maboksi yake?"

Mektrida aliinamisha uso. "Nilizitoa. Niliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kila aina na kifuko chake cha plastiki."

"Kwa nini?"

"Maboksi yana maandishi, afande. Siku hizi kila nyumba ina mtu anayejua kusoma. Sirili aliniapisha kwa rozari, mama asijue kamwe. Alisema bora afe kuliko mama ajue."

Hosea, ambaye alikuwa ameegemea mlango, alikuna shingo. Ndelilio aliendelea bila kumtazama.

"Na mrututu chini ya kitanda?"

"Ni wa Thadeus. Alinituma nimnunulie Himo, kule juu bei ni ya kuua. Nilimwambia hivyo yule aliyenikamata, akanizaba kofi."

"Thadeus mwenyewe amesikia mrututu umekutwa kwako. Hajasema neno."

"Basi muulizeni yeye," alisema Mektrida. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira.

Aliporudishwa ndani, Hosea alishindwa kujizuia. "Afande, mtu wetu si ndiye huyo? Kopo amelibeba yeye, mrututu ni wake, kanyamaza shemeji yake anafungwa. Halafu kuna jambo. Jumatatu ya wiki aliyokufa kaka yake, aliwaambia watu yuko gulioni Himo. Nina mtu aliyemwona mjini hapa, anatoka getini hospitali, kofia ameivuta mpaka puani."

"Washa gari," Ndelilio alisema.

*

Barabara ya kupanda Kirua ilikuwa utelezi mtupu, na Land Rover ya polisi ililalamika kila kona. Pande zote mbili migomba ilisimama imelowa, na chini yake mibuni, mingine imeachwa ikaota magugu kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imewavunja watu mioyo. Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake walikuwa wakimenya ndizi, wanaume wameyazunguka mapipa ya mbege, na kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa hapohapo kwenye kihamba, lile shamba la urithi, nyuma ya nyumba. Mazungumzo yalikatika polisi waliposhuka, yakaanza tena kwa sauti ya chini.

Thadeus alikuwa kwenye banda la ng'ombe akikata majani ya migomba. Alikuwa mdogo kwa Sirili, koti lake limemzidi mabegani kama la kuazima.

"Pole kwa msiba," alisema Ndelilio.

"Tumeshapoa, mbe," alijibu, kama Wachaga wanavyomwita mwanamume mwenzao.

"Mrututu ni wa nani?"

Panga lilisimama. "Wangu."

"Ukamwacha shemeji yako anakwenda ndani."

"Mama alikuwa ameshasema. Ungekuwa wewe, siku ya msiba, mbele ya ukoo wote, ungemwambia mama yako ni mwongo?"

"Mimi ningeanza kujiuliza nani anafaidika. Sirili hayupo, mkewe hayupo, kihamba hiki nani anabaki nacho?"

Thadeus alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha. "Inspekta, wewe si Mchaga? Mimi ndiye kitinda mimba. Kihamba cha baba na nyumba ya mama ni vyangu tangu nizaliwe. Sirili alikatiwa chake kule chini siku alipooa. Waulize wazee hao hapo nje. Hakuna kitu cha kaka yangu nilichokuwa nakisubiri."

Ndelilio alijua ni kweli, na alijilaumu kwa kutolifikiria njiani. Alibadili upande.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Gulioni."

"Umeonekana hospitali, mjini."

Thadeus alitaka kujibu, kikohozi kikamwahi. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha chini sana, na kilipomwacha alijifuta mdomo kwa mkono wa koti na kumgeukia ng'ombe.

"Nilikwenda kupima. Nakohoa tangu Pasaka."

"Na majibu?"

"Yote mawili," alisema, bado anamtazama ng'ombe. "Dawa za kifua naanza Jumatatu hii inayokuja, zile nyingine baadaye. Tafadhali, mama asijue."

"Nyumba hii kila mtu ananiambia mama asijue," Ndelilio alisema. Alikuwa ameshaanza kuogopa jibu la swali lake linalofuata. "Lile kopo la dawa za Sirili, uliwahi kulifungua?"

"La nini? Nililipokea, nikapanda nalo, nikamkabidhi mama. Mama ndiye aliyekuwa akimnywesha. Hakutaka mtu mwingine aguse."

*

Margareta, mama wa marehemu, hakungoja kuitwa. Alikuwa kikongwe mwembamba, mnyoofu, rozari shingoni, na alitoka jikoni huku akijifuta mikono.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa kuja. Nilikuwa nakungoja wewe. Wale wa Himo ni watoto, hata kuuliza hawajui. Ingia."

Ndani ya jiko moto ulikuwa unafuka na chungu cha mtori wa ndizi kilikuwa juu yake. Margareta alifunga mlango, akapandisha mkono nyuma ya magunzi yaliyorundikwa darini, akashusha kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Alilifungua fundo kwa meno. Vidonge vidogo vyeupe vilimwagika kwenye kiganja chake, vingi, vikavu, vizima.

"Kapime," alisema. "Hiyo ndiyo sumu. Nimekuhifadhia."

 Ndelilio alivipokea kwenye leso yake, polepole.

"Ulivitoa wapi, mama?"

"Kwenye kopo alilokuwa akiniletea yule mwanamke. Dawa bila boksi, bila jina, kwenye kopo la maziwa! Dawa ya kweli inafichwa? Lakini sikumhukumu kwa hilo. Nilitazama kwanza." Margareta aliketi kwenye kigoda, akaanza kueleza kwa utulivu wa mtu aliyeyapanga maneno yake kwa ajili ya mahakama. "Vile vidonge vikubwa vya kifua alikuwa anavinywa tangu zamani, havikumfanya kitu. Vingine vikaja, shingo ikavimba, lakini akili yake ilikuwa nzuri. Halafu vikaja hivi vyeupe. Baada ya hivi, mwanangu akageuka. Usiku halali, anazungumza peke yake mpaka jogoo. Uso ukavimba ukawa duara, nikimtazama simjui. Anakula kama aliyerogwa. Nikasema, ndivyo hivi."

"Ukavitoa."

"Nimelima kahawa tangu sijaolewa, baba. Jani likijikunja baada ya dawa mpya, huachi dawa zote, utapoteza shamba. Unaacha ile mpya. Nikaacha ile mpya. Na unajua nini? Haikupita wiki, alilala usingizi. Uso ukashuka, nikamwona tena Sirili wangu. Sasa mtu aje aniambie mimi siijui sumu!"

"Yeye hakuuliza vilipokwenda?"

"Aliuliza. Nikamwambia daktari amevifuta. Mtoto yule hajawahi kunibishia tangu namnyonyesha."

"Na homa, mama? Ilirudi lini?"

Uso wa Margareta ulilegea. "Baadaye. Ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Nilichelewa kuvitoa, mwanangu, na hilo ndilo linaloniua. Ningevitoa mapema angekuwa hai."

Ndelilio alimhurumia mpaka akashindwa kumtazama. Alifunga leso, akaitia mfukoni, akasema atavipima. Alikuwa ameshapata alichokitafuta, na angetoa mshahara wa mwezi ili asikipate.

*

Jioni ile alimfungulia Mektrida mlango kwa mkono wake mwenyewe na kumweleza yote wakiwa wamesimama kwenye kibaraza cha kituo. Alitegemea atafurahi, au atalaani. Mektrida alikaa chini kwenye saruji, akalia bila sauti, khanga mdomoni.

"Yeye anajua?" aliuliza mwishowe.

"Bado."

"Usimwambie."

"Mektrida, mama huyu amekuita mwuaji mbele ya watu."

"Kawaambie mmepima na si sumu. Si ni kweli? Halafu vile vidonge useme havikuwa na kitu. Ameshazika mume, ameshazika mabinti wawili. Hili atalibeba na mgongo gani? Na kosa si lake peke yake. Ningemwambia vilikuwa vya nini, angevilinda kama mboni ya jicho lake. Mimi ndiye niliyetoa maboksi."

"Mumeo ndiye aliyekuapisha."

"Mume wangu amekufa, afande. Tuliobaki ni mimi na yeye."

Ndelilio alijua sheria inasema nini juu ya mtu asababishaye kifo bila kukusudia, na alijua pia kwamba hakuna hakimu ambaye angemfurahia kwa kumpelekea kikongwe yule. Alimpa Mektrida mkono, akamwinua. Kwake huko kulikuwa kukubali, na hakujivunia.

Kesho yake, kabla jeneza halijainuliwa, alisimama mbele ya ukoo. Alisema kwa maneno machache kwamba uchunguzi wa mwili haukuonyesha sumu, kwamba mrututu ulikuwa mali ya Thadeus, na kwamba polisi hawana neno na mjane. Thadeus alisimama mwenyewe akakiri ni kweli, mrututu ni wake. Kelele zikazuka. Margareta aliinua mkono, zikakoma.

"Na vile vidonge nilivyokupa?"

Ndelilio hakuwahi kuwa mwongo mzuri. Alipeleka mkono kwenye leso iliyokuwa mfukoni. Mektrida, aliyekuwa amesimama nyuma yake kama mgeni kwenye msiba wa mumewe, akapita mbele.

"Havikuwa na kitu, mama. Ni kama chokaa tu. Ungevitoa, usingevitoa, ingekuwa vilevile. Alikufa kwa kifua chake."

Kikongwe alimtazama usoni. Kisha akasogea kwenye mkeka alioukalia, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Basi nimekuonea, mwanangu. Njoo ukae na mimi."

Wanawake wakapiga kite cha kilio, wengine wakasema asante Bikira Maria. Wakwe hao wawili walikwenda kaburini wameshikana, wakatupa udongo mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na mtu ambaye angethubutu tena kuzungumzia kumrudisha Mektrida kwao. Hosea alimwambia Ndelilio hii ndiyo kesi nzuri kuliko zote walizowahi kufunga. Ndelilio alimwambia aende akageuze gari.

Watu walikuwa wakirudi kwenye turubai Thadeus alipobanwa na kikohozi. Aliinama, mikono magotini, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama yake alimfikia wa kwanza. Alimshika kifua, akamtazama machoni, na mama aliyeuguza mtoto hadanganywi mara mbili.

"Na wewe?"

Thadeus aliitikia kwa kichwa. "Kifua tu, mama. Jumatatu napewa dawa."

Margareta alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshajikaza, na alisema kwa sauti ya kumtia moyo mwanawe, sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wakinawa mikono.

"Usiogope. Hutakwenda popote, utalala jikoni kwangu. Wakikupa dawa niletee mimi, nitakuchagulia kwa mkono wangu. Sasa ninazijua. Wakikuletea vile vidogo vyeupe tutavitupa siku ya kwanza, tusingoje hata uvimbe uso. Shemeji yako mwenyewe amesema havina kitu."

Mektrida alisimama alipokuwa. Alimtafuta Ndelilio kwa macho. Alimtazama Thadeus, jinsi koti lilivyomning'inia, kisha akarudi mpaka alipokuwa mama mkwe wake.

"Mama, naomba ukae."

"Nikae nifanye nini? Watu wataondoka hawajala."

"Kaa, mama. Nilikudanganya."

Margareta hakukaa. Alishika mgomba uliokuwa karibu naye, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa vidonge vile vilikuwa vya nini.

Mektrida akamwambia.